Noti za Zamani Masandukuni Mwetu: Zipelekwe Kupimwa au Zikae?



Ndugu wasomaji, Nakivale imekuwa ikipokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950. Wa kwanza walitoka Rwanda, kisha wakaja Wakongomani, Warundi, Wasomali na wengineo. Wengi walivuka mpaka na fedha ya kwao, na fedha hiyo ikawafia mikononi. Ndiyo maana hapa Kabazana ukifungua sanduku la mzee huenda ukakuta, chini ya vyeti na picha, noti za Zaire zenye sura ya Mobutu, au faranga za Rwanda, au shilingi za Somalia. Siku hizi vijana wanaona kwenye simu noti zilizofungwa ndani ya plastiki ngumu, zimepewa alama 65 au 66, na bei yake ni mamia ya dola. Wanauliza: na hizi zetu je?

Kwanza tuelewe kupimwa ni nini. Yapo makampuni yanayopokea noti, kuhakikisha si bandia, kuipa alama kati ya 1 na 70 kwa kadiri ilivyo safi, kisha kuifunga. Mojawapo linalojulikana sana ni PMG la Sarasota, Florida, Marekani, lililoanza mwaka 2005. Mkunjo mmoja wa katikati huishusha noti. Tundu la pini, doa, mpasuko na seloteipu huishusha zaidi. Noti iliyofuliwa au kupigwa pasi wanaitambua. Ada ya noti moja huhesabika kwa makumi ya dola, na bado hujalipia posta ya kwenda na kurudi.

Sasa turudi kwenye sanduku. Noti ya Zaire ndiyo yenye kisa kirefu. Zaire ilianza mwaka 1967 ikiwa fedha nzito: zaire moja ilichukua nafasi ya faranga 1,000. Mwisho wa mwaka 1992, bei zikiwa zimepanda bila breki, ikatoka noti ya zaire 5,000,000. Waziri Mkuu Étienne Tshisekedi akatangaza kuwa si halali, wenye maduka wakaikataa. Januari 1993 wanajeshi waliolipwa kwa noti hizo wakaona hawawezi kununua kitu, wakaingia mitaani kupora. Watu wengi waliuawa Kinshasa, akiwemo balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard.

Oktoba mwaka huohuo ikaletwa zaire mpya: moja kwa zaire za zamani 3,000,000. Watu wa Kasai wakaikataa hiyo mpya na kuendelea na za zamani, basi karatasi ileile ikawa maiti Kinshasa na hai Mbuji-Mayi. Mwaka 1998 faranga ikarudi kwa kiwango cha zaire mpya 100,000 kwa faranga moja. Mpe mwanao hesabu hii: zinahitajika noti ngapi za milioni tano kupata faranga moja? Jibu ni 60,000. Mtu aliyejaza mfuko akidhani amebeba mtaji alikuwa amebeba karatasi, na si kwa uvivu wala ujinga wake.

Lakini historia nzito haiifanyi noti kuwa adimu, na hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Noti za Zaire za miaka ya 1990 zilichapwa kwa wingi mno, na nyingi zimebaki mpya kabisa kwa sababu zilikufa kabla ya kutumika. Mkusanyaji huzipata kwa dola moja, tatu, tano. Yako iliyokunjwa mara nne na kulowa jasho la safari itashindanaje na hizo? Shilingi 1,000 za Somalia nazo ni vivyo hivyo: baada ya serikali kuanguka mwaka 1991 watu binafsi waliendelea kuzichapisha, hata tarehe iliyo juu yake haikuambii ilichapwa lini. Faranga za Rwanda zilizofutwa mwanzoni mwa mwaka 1995, ili zile zilizobebwa na serikali iliyokimbia zisitumike, ziangalie vizuri tarehe na usafi wake kabla ya kuzitupa, ila usizijengee nyumba.

Zinazostahili gharama ni za aina nyingine. Mfano wetu sisi Waswahili ni rupia za Serikali ya Zanzibar, zenye picha ya jahazi, zilizoanza kutolewa mwaka 1908 na kuondolewa mwaka 1936 shilingi ilipochukua nafasi yake, kwa shilingi moja na nusu kwa rupia. Nyingi zilirudishwa, zilizobaki ni chache, na za bandia zinaweza kumtia hasara mnunuzi. Noti ya namna hiyo hata ikiwa imechakaa ipelekwe. Kwa nyingine, sisi tungesema hivi: tafuta noti kama yako, yenye tarehe na saini zilezile, imeuzwa kwa bei gani kweli, si bei aliyoitaja muuzaji. Ikiwa haifiki dola mia moja, ada ya kupimwa ni afadhali iwe ada ya shule.

Duka la kubadilisha fedha la Mbarara likikurudishia noti hizi halijakudhulumu. Kazi yake ni fedha inayotumika. Wa kuogopwa ni yule anayesema ana mnunuzi Ulaya, ila umtumie kwanza pesa ya "usajili". Tena noti aliyoiacha marehemu ni mirathi hata ikiwa moja, haiwi ya aliyeiona kwanza. Na ukiiuza, taja kasoro zake zote, kwani kuficha aibu ya bidhaa ni ghishi hata kama mnunuzi yuko mbali na hatakuona milele.

Zile zisizopelekwa zitieni katika bahasha kavu, mbali na moshi na panya. Msiandike chochote juu ya noti. Juu ya bahasha andikeni nani aliileta, alivukia mpaka gani, mwaka gani, na siku aliyotoka kwao ingenunua nini. Muulizeni mwenyewe angali hai.

Wabillahi tawfiq.