Inachelewa Wapi? Historia Fupi ya Kusubiri Kompyuta Iwake

Tarehe 30 Juni saiba za Msambweni hujaa. Ndiyo siku ya mwisho ya kufaili ritani za kodi, na mtu binafsi akichelewa anaweza kupigwa faini ya shilingi 2,000, hata kama mwaka mzima hakuonja mshahara. Sasa weka hapo mashine inayochukua dakika saba kuwaka. Stima ikipepesa mara moja tu, dakika saba zinaanza upya. Foleni inafika mlangoni, na anayesimamia saiba anatoa hukumu ambayo sote tumewahi kuisikia: "Hii mashine imezeeka, bana."

Hukumu hiyo inaumiza mfuko, kwa sababu maana yake ni nunua nyingine. Lakini haijasema chochote kuhusu ugonjwa. Ukienda hospitali goti linakuuma, daktari akakwambia "umezeeka," utarudi nyumbani na goti lako vilevile. Fundi anayejua kazi anauliza swali moja kabla hajashika bisibisi: inachelewa wapi?

Kompyuta kuwaka ni safari yenye vituo, kama matatu ya kutoka Likoni kwenda Lunga Lunga. Ikichelewa, unataka kujua imekwama Waa, Ukunda ama Ramisi. Kwa kompyuta vituo ni vitatu, na kila kimoja kilijengwa enzi yake.

Kituo cha kwanza ni pale unapobonyeza kitufe hadi uone nembo ya Windows. Hapa kuna fumbo la zamani: kompyuta inahitaji programu ili ifanye kazi, na inahitaji kufanya kazi ili isome programu. Nani ataanza? Mwenye Altair 8800, iliyotoka mwaka 1975, alianza yeye mwenyewe. Alipandisha na kushusha swichi za mbele ya boksi, moja moja, mpaka mashine ikaelewa namna ya kusoma maagizo mengine. Stima ikipotea, anarudia. Mwaka huohuo Gary Kildall aliita sehemu moja ya mfumo wake BIOS, na IBM ilipotoa kompyuta yake ya mezani Agosti 1981, programu yenye jina hilo ilikuwa imeshaandikwa ndani ya chipu. Mashine sasa inajiamsha, inajikagua, na ikiona hitilafu inapiga mlio.

Mwaka 1984 IBM ikaongeza kitu kidogo kwenye modeli ya AT: saa inayoendelea kutembea kwa betri hata mashine ikizimwa. Betri hiyo bado iko nasi. Kwenye kompyuta nyingi za mezani ni CR2032, kidude cha volti 3 kinachofanana na sarafu. Ikifa, kila ukichomoa waya wa stima mashine inasahau tarehe na mipangilio yake. Unaiwasha, inasimama, inakuomba ubonyeze F1. Ukiipita hapo, mashine inaamini bado tuko miaka kadhaa nyuma, na tovuti salama zinakataa kufunguka kwa sababu vyeti vyake vina tarehe. Mteja analaumu netiwaki. Msimamizi analaumu uzee. Mwenye kosa ni betri ya shilingi chache.

Kituo hiki kinapimika. Kwenye Windows 8 na zilizofuata, fungua Task Manager upande wa programu zinazoanza zenyewe. Mashine nyingi zitakuonyesha pale sekunde ambazo BIOS ilitumia mara ya mwisho. Zikiwa nyingi, kagua betri, chomoa flashi uliyoisahau, na angalia kama mashine inatafuta mfumo kwenye diski isiyokuwepo.

Kituo cha pili ni kuanzia nembo hadi nafasi ya kuandika nywila. Hapa ndipo mashine nyingi hukwama, na asili yake ni mwaka 1956. Mwaka huo IBM ilitoa RAMAC, mashine ya kwanza kuuzwa ikiwa na diski ngumu. Ilikuwa na sahani 50, kila moja upana wa inchi 24, na zote kwa pamoja zilibeba herufi milioni 5, yaani kama picha moja ya simu yako. Sahani zinazunguka, mkono unatafuta, kichwa kinasoma. Diski za kawaida za laptopu za miaka ya 2000 zilikuwa ndogo mno kando ya RAMAC, lakini kanuni haikubadilika. Diski ya mizunguko 5,400 kwa dakika inazunguka mara 90 kwa sekunde. Kwa kawaida haifikii vipande mia moja vilivyotawanyika katika sekunde moja, na Windows ikiamka inataka maelfu. Diski ya SSD haina kinachozunguka, kwa hivyo inavifikia hivyo maelfu ndani ya sekunde.

Ndiyo maana umri unadanganya. Laptopu ya mwaka 2014 iliyowekwa SSD inaweza kuwaka mapema kuliko ya mwaka 2019 yenye diski ya kuzunguka. Na sisi hapa Pwani tumezipata sana hizo za kuzunguka. Kompyuta zetu nyingi ni mtumba: zilihudumu kwenye ofisi za Ulaya, zikapita Kilindini ndani ya kontena, zikaanza maisha ya pili. Shirika la Computers for Schools Kenya limekuwa likikarabati kompyuta zilizotumika na kuzipeleka mashuleni tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Watoto wengi waligusa kibodi mara ya kwanza kwa njia hiyo. Mtumba si aibu. Ila ukiinunua, uliza ina diski gani kabla hujauliza ina miaka mingapi.

Tahadhari moja. Kama jana iliwaka kwa dakika moja na leo ni tano, na unasikia diski inagonga tik-tik-tik, usiendelee kuiwasha na kuizima ukijaribu bahati. Diski inayokufa hurudia kusoma palepale mpaka ishindwe kabisa. Hamisha mafaili kwanza. SSD utaipata dukani, picha za harusi ya dadako hutazipata.

Kituo cha tatu ni baada ya nywila. Skrini imetokea, lakini ukibonyeza kitu hakuna jibu. Windows 95 ilikuwa na folda ya programu za kuanza pamoja na mashine, na watengenezaji wakazoea kujialika wenyewe. Kisha mwaka 2009 nyaya za TEAMS na SEACOM zikafika Mombasa kupitia baharini, na Kenya ikaanza kuachana na intaneti ya setilaiti. Mtandao ulipokuwa wa kila saa, kila programu ikataka kujisasisha pindi inapoamka. Kwenye mashine ya RAM gigabaiti 2 au 4, wageni hao hujaza memori, kisha Windows inahamishia mzigo kwenye diski ileile ya kuzunguka. Hapa dawa ni bure: ile orodha ya Task Manager. Zima usizozihitaji, uache ya kulinda virusi.

Ukipima, tumia kuwasha upya. Tangu mwaka 2012 Windows 8 ilileta mbinu ya kuhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski unapozima, ili kesho iwahi kuwaka. Kwa hivyo kuzima si kuanza upya kabisa.

Haya yote yamekuwa na uzito zaidi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipofikisha mwisho wa huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambazo mashine nyingi za mtumba hazina. Hilo ni tatizo la kweli la usalama, lakini ni tatizo jingine. Kukosa masasisho hakuifanyi mashine ichelewe kuwaka, na anayekuuzia mpya akichanganya mambo hayo mawili anakupiga. Wengine wanahamia Linux, ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 1991. Matoleo yake mengi yana amri ya systemd-analyze inayokutajia kila hatua ya kuwaka ilikula sekunde ngapi.

Kwa hivyo kabla hujatoa hata mia, chukua simu, fungua saa ya kupimia, andika namba tatu: kitufe hadi nembo, nembo hadi nywila, nywila hadi mashine itii. Namba kubwa ndiyo inayotaka pesa yako, au dakika zako tano. Na fundi akikwambia imezeeka, mwonyeshe hizo namba, umuulize ni uzee wa kituo gani.