Bei ya Karafuu na Hesabu za Mpemba

Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Wanahistoria wengi hutaja theluthi mbili. Pemba haikuguswa sana. Mkulima wa Mtambile au Mzambarauni, aliyekuwa amezoea bei mbovu, akajikuta anauza karafuu za mikarafuu ileile kwa bei ambayo hakuwa ameiona miaka mingi. Hakupalilia zaidi wala hakuongeza kibarua. Mali ilipungua sokoni, wanunuzi wakabaki walewale, basi. Kuanzia hapo watu wa Pemba walipanda mikarafuu kwa nguvu, na hadi leo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka kwetu.

Nimefundisha somo la biashara hapa Chake Chake sehemu kubwa ya maisha yangu, na kila nilipofika kwenye mada ya ugavi na mahitaji nilikifunga kitabu chenye mifano ya matufaha na siagi, nikaanza na kimbunga kile. Wanafunzi wangu walikuwa watoto wa karafuu, ada na sare zao zilitoka kwenye jamvi la kuanikia. Nilitaka wajue kwamba babu zao walizielewa kanuni hizi bila ubao wala chaki, na kwamba kila utawala uliotutawala ulikula hasara pale ulipodhani mkulima hapigi hesabu.

Mkarafuu wenyewe ni mgeni. Asili yake ni visiwa vya Maluku, ambako katika karne ya 17 Waholanzi wa kampuni ya VOC waliikata mikarafuu kisiwa kwa kisiwa ili ibaki Ambon na jirani zake tu, mahali walipoweza kuilinda. Ukatili ule ulikuwa na hesabu yake. Mpishi wa pilau hutia punje chache chunguni. Bei ikipanda maradufu hapunguzi, ikishuka nusu hatii konzi nzima. Kwa bidhaa ya namna hiyo mavuno yakizidi kidogo bei huporomoka sana, na watu wakavuna zaidi wakaondoka na fedha pungufu. Waholanzi walilijua hilo, ndiyo maana wakashika mashoka. Baadaye Mfaransa Pierre Poivre alifanikisha kutoroshwa kwa miche hadi Mauritius, mnamo 1770, na mwanzoni mwa karne ya 19 mbegu ikafika Unguja. Masimulizi yanayokubalika zaidi humtaja Saleh bin Haramil, Mwarabu wa ukoo wa Al Abri, kuwa ndiye aliyeileta.

Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, alipouona utajiri wa karafuu aliamuru watu wapande. Husimuliwa kwamba alitaka mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Amri ilitiiwa, ikatiiwa mno. Miti ikazaa kwa pamoja, na kufikia miaka ya 1840 bei ya frasila ilikuwa imeanguka vibaya. Na kupanda karafuu kulimaanisha kuacha kingine. Pemba ilikuwa ghala la mpunga, Mombasa ya watawala wa Mazrui ilitegemea chakula chetu. Mabonde yetu bado yanalimwa mpunga, lakini akili, nguvu na fedha zilihamia vilimani kwenye mikarafuu, na kisiwa kilichokuwa kikilisha wengine kikaanza kungoja mchele wa majahazi. Anayehesabu faida ya karafuu bila kuuhesabu mpunga ule amehesabu nusu.

Kuna deni jingine ambalo vitabu vya biashara hulipita haraka. Bei ilipoanguka, mashamba hayakufungwa, kwa sababu aliyepanda mtini alikuwa mtumwa. Hasara ya soko ilimwangukia yeye, kwa kazi ndefu zaidi na chakula kidogo zaidi. Nikisoma kwamba karafuu za Zanzibar zilikuwa rahisi kuliko za wengine, huwa nawafikiria watu hao kwanza.

Sheria ya 1897 ilipoondoa utumwa, mwenye shamba alilazimika kumlipa mchumaji, na hapo ndipo hesabu za kweli zilipoanza. Karafuu huchumwa ikiwa imeanza kupata wekundu, kabla ua halijafunguka. Likifunguka, thamani imekwenda. Zinaiva pamoja kisiwa kizima, na kila mwenye shamba anawataka watu walewale wiki ileile. Shangazi yangu, aliyesimamia kambi ya familia yetu, alikuwa akipokea wachumaji waliovuka kutoka Unguja, na mazungumzo hayakuchukua muda.

"Bibie, mwaka huu pishi mwatoa ngapi?"

"Kama jirani."

"Jirani kaongeza jana."

Basi naye akaongeza. Msimu ukiwa mdogo, mchumaji ndiye anayebembeleza; msimu ukiwa mkubwa, anabembelezwa. Jioni karafuu mbichi zilipimwa kwa pishi, wanawake na watoto wakakaa kuchambua, punje upande mmoja na makonyo upande mwingine, asubuhi zikaanikwa kwenye majamvi. Kilo tatu mbichi hutoa kama kilo moja kavu. Hata makonyo hayatupwi, hukamuliwa mafuta kiwandani Wawi.

Lakini jambo nililopenda kuwaonyesha wanafunzi lilikuwa kileleni. Matagaa ya chini huchumwa kwa mkono, mtu amesimama. Ya katikati yanataka kupanda na kuvuta kwa upembo. Ya juu kabisa, mita kumi na zaidi kutoka ardhini, yanataka mtu mwepesi, kamba, na malipo ya juu, kwa sababu kila msimu kuna anayeanguka. Pishi ya mwisho ya mti inagharimu mara nyingi kuliko ya kwanza. Bei ikiwa nzuri, shangazi alitaka mti uchumwe mpaka ncha. Bei ikiwa mbaya alisema, "Hayo yaacheni," na kilele kikachanua. Ukipita barabara ya Wete msimu wa bei mbaya ulikuwa unaona miti imekuwa myekundu juu, na aliyeijua kazi alijua bei ya mwaka ule bila kuuliza.

Wakoloni hawakutazama juu. Chama cha wakulima wa karafuu, CGA, kiliundwa 1927, na kwa amri za 1934 na 1937 serikali ya Waingereza ikakipa mamlaka ya kuwa mnunuzi pekee kutoka kwa wakulima. Wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma, chama cha Congress cha India kikawaunga mkono, na karafuu zetu zikakataliwa katika mojawapo ya masoko makubwa tuliyokuwa nayo. Mwaka 1938 serikali ilirudi mezani, na wauzaji wa nje wakakubaliwa kuendelea kwa sharti la kununua sehemu ya mzigo kwa CGA.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, mnunuzi mmoja akarudi kwa nguvu zaidi. Shirika la biashara la serikali, ZSTC, lililoanzishwa 1968, likawa ndilo peke yake lenye haki ya kununua. Ninaelewa kwa nini: karafuu zilileta karibu fedha zote za kigeni, na kulikuwa na shule na hospitali za kujenga. Lakini miaka ya 1970 bei ya dunia ilipopanda, mkulima alipewa sehemu ndogo sana. Bara ipo kama kilomita 50 ng'ambo ya mkondo. Usiku mashua zilitoka kwenye vihori vya magharibi zikielekea Vanga na Shimoni, upande wa Kenya, zikarudi na nguo, sabuni na mchele, vitu vilivyokuwa adimu kwetu. Adhabu zilikuwa kali mno na watu waliteseka, na magendo hayakwisha. Mtu mwenye gunia moja na watoto wa kulisha alilinganisha bei mbili na hatari ya bahari, akachagua. Sikuwahi kumwita mwizi darasani, na sitamwita leo.

Wakati huohuo mnunuzi wetu mkubwa alikuwa Indonesia, nchi ileile ya Maluku, kwa ajili ya kretek, sigara ambazo karibu theluthi yake ni karafuu. Bei nzuri ya miaka ya 1970 iliwafanya Waindonesia wapande mikarafuu kwa wingi, na mkarafuu huchukua miaka sita au saba kuanza kuzaa. Iliyopandwa kwa bei ya juu ikazaa yote kwa mpigo miaka ya 1980, Indonesia ikajitosheleza, na tani iliyokuwa ikiuzwa karibu dola 9,000 mwanzoni mwa muongo huo ikafika chini ya dola 1,000 katika muongo uliofuata. Yalikuwa ni yale ya Seyyid Said tena, safari hii kwa upande wa pili wa bahari. Pemba watu waliacha kupalilia, mikarafuu mingine ikaishia jikoni kuwa kuni.

Mwaka 2011 serikali ya Zanzibar iliipandisha bei na kuahidi kumpa mkulima asilimia 80 ya bei ya kuuzia nje. Karafuu zilizokuwa zikivuka mkondo zikageukia vituo vya ZSTC, kwa kasi ambayo doria za miaka 40 hazikuwahi kuifikia.

Asilimia hiyo inafaa ilindwe hata miaka ambayo hazina ina njaa. Na bei itangazwe kabla kambi hazijafunguliwa, kwa sababu mwenye shamba hupatana na wachumaji kwa pishi kabla hajauza hata kilo moja, na asiyejua atauza kwa ngapi hawezi kujua apandishe watu mpaka kileleni au awaite washuke. Miche inagawiwa bure siku hizi, nami nimepanda yangu nyuma ya nyumba. Waindonesia na Wamalagasi nao wanapanda.