Kisu cha kamani: Chepesi kukunjua, kigumu kukunja

KUNA aina ya kisu cha mfukoni ambacho hukunjuka kwa kasi inayomshtua mtu asiyekizoea. Mwenye kukishika husukuma ubapa kidogo tu kwa kidole gumba, na kabla ya kupepesa jicho ubapa wote umechomoka ndani ya mpini na kujifunga imara.

Kisu hicho hakina kitufe. Hiyo ndiyo tofauti yake na kile kisu cha genge kinachoonekana katika filamu kongwe za Marekani kama vile Rebel Without a Cause ya mwaka wa 1955. Kisu cha kitufe hufanya kazi yote chenyewe pindi kitufe kinapobonyezwa. Hiki tunachokizungumzia humtaka mwenyewe aanze kazi kwa mkono, kisha kamani (au springi kama wengi wanavyoiita) ndiyo humalizia.

Kabla ya kuendelea, inafaa tuelewane kuhusu maneno. Wengi husema "kufungua" na "kufunga" kisu. Lugha yetu ina kitenzi kilicho bora zaidi kwa chombo cha aina hii, nacho ni kukunja na kinyume chake kukunjua. Ubora wake unadhihirika hasa hapa, kwa kuwa kisu hiki kikishakunjuka ndipo kinapojifunga, yaani kifungio chake hushika ubapa usirudi nyuma. Anayesema kisu "kimefungwa" anaweza kueleweka kwa njia mbili zilizo kinyume kabisa, na katika suala la vidole na makali hilo si jambo dogo.

Historia ya visu hivi si ndefu. Mbunifu wa Marekani, Blackie Collins, alitoa kisu cha kwanza cha namna hii kilichojulikana sana katikati ya miaka ya tisini, kilichoitwa Strut 'N' Cut. Muda mfupi baadaye, mwaka wa 1998, fundi kutoka Hawaii aitwaye Ken Onion alibuni mtambo uliopewa jina SpeedSafe, ambao ulichukuliwa na kampuni ya Kershaw ya jimbo la Oregon. Tangu hapo kampuni nyingine kama SOG, Benchmade, Buck na CRKT zimetoa mitambo yao, kila moja ikiwa na mpangilio wake wa kamani na kifungio.

Siri ya kisu hiki ni kwamba kamani yake husukuma pande mbili. Ubapa ukiwa umekunjwa, kamani huukandamiza ubaki ndani ya mpini. Mtu akiusukuma, huhisi ukinzani mwanzoni. Ubapa ukishapita pembe fulani, ambayo katika visu vingi ni karibu nyuzi 30, kamani hugeuza msimamo: iliyokuwa ikizuia sasa husukuma, na ubapa huruka hadi mwisho wa safari yake.

Asiyewahi kukiona kisu hiki na akumbuke mlango wa nyuma wa gari aina ya Probox. Ukiuinua kidogo ni mzito. Ukishafika kimo fulani, vile vyuma viwili vya gesi vilivyo pembeni huuchukua na kuupandisha vyenyewe hadi juu. Na unapotaka kuushusha, vyuma vivyo hivyo hukupinga mpaka ufike chini, ndipo mlango unapoanguka kwa uzito wake.

Katika mtambo wa SpeedSafe, kamani yenyewe si ule waya uliosokotwa kama wa kalamu ya wino. Ni kijiti chembamba cha chuma kilichopinda, ambacho ncha yake moja imeshikwa na mpini na ya pili imeingia katika ubapa. Ubapa unapozunguka, kijiti hicho husongwa kisha kikasongoka. Watengenezaji wengine, kama SOG, hutumia kamani za mviringo.

Mahali pa kusukuma pia ni pa aina mbili. Kuna kichomozo kidogo kilichopachikwa ubavuni mwa ubapa kwa ajili ya kidole gumba, na kuna kijipembe kinachotokeza mgongoni mwa mpini, ambacho huvutwa kwa kidole cha shahada. Kijipembe ndicho chepesi zaidi kwa anayeanza. Kidole kikiwa pale, kiko nyuma ya mpini, mbali na njia ya makali. Na ubapa ukishakunjuka, kijipembe hicho hicho hushuka mbele na kuwa kizuizi kinachouzuia mkono usiteleze kuelekea kwenye makali. Kichomozo cha gumba hudai mazoezi, kwa sababu gumba lisukumalo vibaya hukwama mbele ya ubapa unaotoka kwa nguvu.

Matangazo ya biashara hushughulika na kasi ya kukunjuka peke yake. Kwa maoni ya mwandishi huyu, sifa hiyo imekuzwa kupita kiasi. Kisu chochote kilichotengenezwa vyema, hata kisicho na kamani, mtu aliyekizoea hukikunjua kwa mkono mmoja bila taabu. Jambo linalostahili kuulizwa dukani ni jinsi kinavyokunjwa, na hapo ndipo kisu cha kamani huwapiku wengi.

Tukitazama kisu cha kawaida cha Victorinox, yaani kile chekundu cha Uswisi ambacho asili yake ni kisu kilichoanza kupelekewa jeshi la nchi hiyo mwaka wa 1891, hakina kifungio kwa ubapa mdogo. Kinashikiliwa na chuma cha mgongoni tu. Hukunjuliwa kwa ukucha na mikono miwili, na hukunjwa kwa kusukuma mgongo wa ubapa. Opinel ya Ufaransa, iliyobuniwa na Joseph Opinel mwaka wa 1890 huko Savoie, ina pete ya chuma shingoni ambayo iliongezwa mwaka wa 1955. Pete ikizungushwa, ubapa haurudi. Visu vyote hivi viwili ni polepole, lakini vina jambo moja jema: ubapa ukiachwa katikati ya safari, haukimbii kwenda popote.

Ubapa wa kisu cha kamani hautulii hapo katikati. Ukianza kuukunja kisha ukauachilia kabla haujafika mbali, hurudi mbele kwa kishindo. Ukiupitisha ile pembe ya nyuzi 30 tukielekea mpini, kamani hubadilisha nia yake tena na kuuvuta ndani kwa ghafla. Kwa hivyo anayekikunja hupambana nacho sehemu kubwa ya safari, halafu mwishoni ukinzani hutoweka ghafla huku mkono wake ukiwa bado unasukuma kwa nguvu zile zile. Hapo ndipo vidole hukatika.

Hatari huongezeka kutokana na aina ya kifungio. Visu vingi vya namna hii hushikwa na bamba jembamba lililo ndani ya mpini, ambalo hujisukuma nyuma ya kitako cha ubapa. Ili kukikunja ni sharti gumba lilisogeze bamba hilo kando, na gumba likiwa pale liko moja kwa moja katika njia ya makali. Mwenye kisu cha kawaida husogeza bamba, akaukunja ubapa kidogo, akaondoa gumba, kisha akamalizia kwa utulivu. Mwenye kisu cha kamani akifanya vivyo hivyo, ubapa humrudia anapobadilisha mshiko.

Njia iliyo salama ni kutumia mikono miwili. Mkono mmoja hushika mpini, gumba likasogeza bamba. Kiganja cha mkono wa pili husukuma mgongo wa ubapa, si ncha wala makali, mpaka kitako kipite bamba. Gumba huondolewa papo hapo, huku mkono wa pili ukiendelea kuukandamiza ubapa usirudi. Vidole vinne vilivyoshika mpini navyo visipindukie upande ulio wazi, ambako makali huingia. Anayetumia mkono wa kushoto ana shida ya ziada, kwa kuwa bamba nyingi hutengenezwa kwa ajili ya gumba la kulia. Kifungio cha Benchmade kiitwacho AXIS, ambacho huvutwa kutoka pande zote mbili, kinamfaa zaidi, na pia huweka vidole nje ya njia ya ubapa.

Suala jingine ni mfuko wenyewe. Kwa kuwa nguvu ndogo inatosha kuamsha kamani, kisu kinaweza kukunjuka mfukoni kikisukumwa na funguo au sarafu. Ndiyo sababu modeli ya Kershaw Leek ina kitelezi kidogo ncha ya mpini ambacho huzuia ubapa usitoke. Wengi hukiona kitelezi hicho kuwa kero wakakiondoa. Anayebeba kisu mfuko wa mbele wa suruali anapaswa kufikiri mara mbili kabla ya kufanya hivyo.

Kisu kilichokuwa chepesi kikianza kuwa kizito, mara nyingi kamani haina kosa. Kwanza huwa ni uchafu: nyuzi za mfuko, vumbi, na utomvu wa maembe au miwa unaokauka kwenye egemeo. Kioshe kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni, kikauke kabisa, kisha tone moja la mafuta mepesi ya mashine liingie kwenye egemeo. Mafuta ya kupikia yasitumike kwa kuwa huganda na kunata. Pwani, ambako hewa ina chumvi, kazi hiyo hufanywa mara nyingi zaidi.

Sababu ya pili ni skrubu ya egemeo. Ikikazwa mno, kamani hushindwa kuumalizia ubapa, nao husimama kabla kifungio hakijashika. Ikilegea, ubapa huyumba kushoto na kulia. Kwa kuwa ubapa hugonga mwisho wa safari kila unapokunjuliwa, skrubu hulegea kwa kadiri ya matumizi. Robo ya mzunguko kwa bisibisi inayofaa huwa inatosha. Kamani nayo huchoka na kuvunjika baada ya muda. Ikivunjika, visu vingi huendelea kufanya kazi kama kisu cha kawaida, ila hakuna tena kinachoubana ubapa ndani, na hivyo hakipaswi kutiwa mfukoni kabla ya kutengenezwa.

Sheria ndiyo inayowanasa wasafiri. Sheria ya Marekani ya mwaka wa 1958 ilipiga marufuku biashara ya visu vya kitufe kati ya majimbo. Mwaka wa 2009 idara ya forodha ilipendekeza visu vya kamani vihesabiwe katika kundi hilo. Bunge lilirekebisha sheria mwaka huo huo na kuvitoa, mradi ubapa uwe na nguvu inayouvuta ukae ndani na mtu alazimike kuishinda nguvu hiyo kwa mkono. Majimbo na miji bado ina kanuni zake.

Uingereza imefuata njia tofauti. Sheria ya 1959 ilihusu kitufe au kifaa kilicho kwenye mpini, na wauzaji wakajitetea kwamba kichomozo kiko kwenye ubapa. Sheria ya Silaha ya mwaka wa 2019 iliziba mwanya huo kwa kutaja pia kisu ambacho ubapa wake ukiwa umekunjuliwa kiasi hujikunjua wenyewe hadi mwisho. Tangu Julai 14, 2021, nchini England na Wales ni kosa kumiliki kisu kama hicho hata kikiwa nyumbani. Mkenya aliyenunuliwa zawadi hiyo Marekani kihalali, kisha akashukia London na mizigo yake kwa siku mbili kabla ya kurejea Nairobi, atakuwa amekiuka sheria hiyo pale tu anapoingia nayo, hata kama kisu kimo ndani ya kasha lake na risiti ipo.