Sheria kwa Lugha ya Wananchi: Profesa Issa Shivji, Ardhi na Kiswahili

1. Utangulizi

Msafiri anayeuacha mji wa Dodoma kwa barabara iendayo Morogoro hufika Mtumba. Kata hii, iliyokuwa ya wakulima na wafugaji, ilikuwa makao ya wizara za Serikali baada ya Mji wa Serikali kuzinduliwa mwezi Aprili 2019. Miongoni mwa wizara hizo zimo zinazosimamia sheria na ardhi. Kwa hiyo Mtumba ni mahali panapofaa kuuliza swali moja: mwananchi anapoambiwa kuwa shamba lake limo mikononi mwa sheria, sheria hiyo huzungumza naye kwa lugha gani?

Mhadhara huu unakusudia kulijibu swali hilo kwa kuyapitia maisha ya kitaaluma ya Profesa Issa Shivji. Hoja yetu ni kwamba suala la Kiswahili katika sheria halimaliziki kwenye tafsiri. Ni suala la mamlaka: nani anasikilizwa, na maneno ya nani yanaingia katika maandishi ya sheria.

2. Malezi ya Kitaaluma

Shivji alizaliwa Kilosa mwaka 1946. Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, alijiunga na chuo kikuu jijini Dar es Salaam kusomea sheria. Kitivo cha Sheria ndicho kilichokuwa kitivo cha kwanza cha chuo hicho. Kilifunguliwa mwezi Oktoba 1961, majuma machache kabla ya Uhuru, na lugha yake ya kufundishia ilikuwa Kiingereza.

Akiwa mwanafunzi, Shivji alikuwa miongoni mwa vijana walioandika katika jarida la Cheche, ambalo lilipigwa marufuku mwaka 1970. Inafaa tuzingatie jambo moja: jina la jarida lilikuwa la Kiswahili, ilhali makala zake ziliandikwa kwa Kiingereza. Waandishi walikusudia kuwatetea wakulima na wafanyakazi, lakini walengwa wenyewe hawakuweza kuzisoma hoja zilizotolewa kwa niaba yao.

Baada ya kupata shahada ya pili London mwaka 1971, Shivji alirejea kufundisha. Alipata shahada ya uzamivu Dar es Salaam mwaka 1982, akawa profesa mwaka 1986, na akastaafu mwaka 2006. Vitabu vyake vikuu vya kipindi hicho, kuhusu matabaka, sheria za kazi na haki za binadamu, navyo viliandikwa kwa Kiingereza.

3. Tume ya Ardhi

Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume ya kuchunguza masuala ya ardhi, akamteua Shivji kuwa mwenyekiti. Migogoro ilikuwa mingi. Operesheni za vijiji za miaka ya 1970, ambazo Dodoma ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuzipitia, zilikuwa zimewahamisha watu bila kueleza kisheria hatima ya mashamba waliyoyaacha wala ya yale waliyopewa.

Tume ilizunguka Tanzania Bara ikafanya mikutano zaidi ya 270, iliyohudhuriwa na watu zaidi ya 80,000. Profesa wa sheria aliketi na kusikiliza, nao wanakijiji wakaeleza. Matokeo yake yanaonekana katika istilahi za mapendekezo yenyewe. Tume ilipendekeza Baraza la Wazee la Ardhi liamue migogoro kijijini, na Hati ya Ardhi ya Mila iwe ushahidi wa haki ya mkulima. Juu ya hayo, ilipendekeza kwamba miliki ya msingi ya ardhi ya kijiji iondoke kwa Rais na kukabidhiwa Mkutano Mkuu wa Kijiji.

Hata hivyo, taarifa ya Tume ilichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1994, kwa ushirikiano na taasisi moja ya Uppsala, Sweden. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995 ililikataa pendekezo kuu, na ardhi yote ikabaki mikononi mwa Rais kama mdhamini. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, ziliandikwa kwa Kiingereza, kwa msaada wa Profesa Patrick McAuslan, Mwingereza aliyekuwa mmoja wa walimu wa kwanza wa Kitivo kile kile cha mwaka 1961. Sheria hizo zinataka kanuni za ardhi zieleweke kwa urahisi kwa raia wote, lakini nia hiyo ilitamkwa kwa lugha ambayo raia wengi hawaielewi.

4. Kigoda na Kavazi

Mwaka 2008 Shivji alirudi chuoni kuongoza Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Taaluma za Umajumui wa Afrika, kazi aliyoifanya hadi mwaka 2013. Mhadhiri wa tamasha la kwanza, mwaka 2009, alikuwa Wole Soyinka. Kigoda kilikuwa na jarida lake, Chemchemi. Baadaye Shivji aliongoza Kavazi la Mwalimu Nyerere katika Tume ya Sayansi na Teknolojia.

Mwanaisimu atayatambua maneno haya: kigoda, umajumui, kavazi. Hapa Kiswahili hakikusubiri kutafsiri. Kilitaja taasisi na dhana tangu kuzaliwa kwake. Aliyeanza na jarida lenye jina tu la Kiswahili alifika mahali ambapo lugha hiyo ilibeba fikra yenyewe.

5. Hitimisho

Mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hatua hiyo inastahili pongezi. Lakini kazi ya kutafsiri sheria, ambayo wengi wenu wanafunzi mtaitwa kuifanya, ina mtihani wake. Kwa mujibu wa sheria, makazi yanapoacha kuwa kijiji na kuwa sehemu ya mji, Mkutano Mkuu wa Kijiji hauna tena mamlaka juu ya ardhi hiyo. Neno moja hubadilika, na pamoja nalo hubadilika mwenye kauli. Kwa hiyo mtafsiri wa sheria ya ardhi asitosheke na kupata kisawe cha neno. Na aulize kwanza, kama ilivyouliza Tume ile, wenye mashamba wenyewe wanaliitaje.