Urejeshaji wa Jino Lililong'oka

Jino likitoka zima pamoja na mzizi wake kwa dharuba, kama mtoto aangukapo baiskeli au apigwapo kiwiko mchezoni, matabibu huita hali hiyo avalsheni, istilahi yenye asili ya Kilatini na maana ya kunyofoka. Kiswahili kina neno lake tayari, nalo ni kung'oka. Maana jino lililotolewa na tabibu kwa koleo limeng'olewa, ilhali lililotoka kwa ajali limeng'oka.

Ama tendo la kulirudisha, mtu aweza kuliita upandikizaji. Lakini neno hilo limekwisha kuzoewa katika habari za figo na viungo vingine apewavyo mgonjwa kutoka kwa mwenziwe, na kwa hivyo urejeshaji ndilo linaloelekea zaidi, madhali jino hurudi katika tundu lake lile lile.

Kinachopiganiwa katika urejeshaji si ule ugumu wa jino, bali ni uhai wa utando mwembamba wa nyuzi uliouvika mzizi na kuushikiza tayani, ambao jino ling'okapo hukatika, sehemu ikabaki tunduni na sehemu ikatoka na mzizi. Na chembe zake zikikauka zikafa, jino hata likirejeshwa hugandamana na mfupa, na mwili ukaula mzizi kidogo kidogo. Andreasen na Hjørting-Hansen wa Denmark, walipochunguza meno 110 yaliyorejeshwa na kutoa habari zake mwaka 1966, waliona kwamba katika yale yaliyorejeshwa kabla ya dakika 30, takriban 90 kwa mia hayakuonyesha kuliwa huko, na katika yale yaliyokaa nje zaidi ya saa 2, takriban 95 kwa mia yaliliwa.

Lililo bora, basi, ni kulirejesha papo hapo: lishikwe kichwani, kamwe si mzizini, likiwa na mchanga lisuuzwe upesi kwa maziwa au maji safi ya baridi, bila kusuguliwa, lisukumwe tunduni taratibu, kisha majeruhi aume leso safi. Hilo likishindikana, litiwe katika kikombe cha maziwa baridi, ambayo kiasi cha vitu vilivyoyeyuka ndani yake hukaribiana na cha damu, hata chembe zikastahimili kwa saa kadhaa. Na maziwa yakikosekana, mate ya majeruhi mwenyewe yatafaa. Kulilaza katika maji matupu ni kuliangamiza, kwani maji hupenya ndani ya chembe zikavimba na kupasuka. Meno ya utoto hayarejeshwi, yasije yakadhuru jino la ukubwani linalokua chini yake.

Tabibu atalifunga jino pamoja na jirani zake kwa muda wa wiki 2 hivi, lakini kazi yake hutegemea yaliyotendwa kabla hajafikiwa. Wazazi na walimu, msilifunge jino katika karatasi wala kulitia mfukoni. Lirejesheni, au litieni maziwani, mkamkimbize mtoto kwa tabibu saa ile ile.