Java: matoleo mawili kwenye seva tofauti yanaelewana vipi?

Leo naandika kuhusu kitu kinachowatesa wengi wanaojifunza Java. Programu yako ipo kwenye seva zaidi ya moja, umebadilisha msimbo, seva A ina toleo jipya na B bado ina la zamani. Hapo ndipo kimeo kinapoanza.

1. KWA NINI INAGOMA?
Tangu JDK 1.1 ya mwaka 1997, Java inaweza kugeuza objekti kuwa baiti, ikazituma kwenye mtandao, na upande wa pili zikarudi kuwa objekti. Klasi ya Serializable inatambulika kwa namba iitwayo serialVersionUID. Usipoiandika mwenyewe, Java inaikokotoa kutokana na jina la klasi, fildi, methodi n.k. Ukiongeza methodi moja tu ya public, namba inabadilika na seva ya pili inakataa: InvalidClassException.

Dawa ni kuiandika mwenyewe:
private static final long serialVersionUID = 1L;

2. RUKSA NA MWIKO
- Kuongeza fildi: ruksa. Toleo la zamani litairuka. Toleo jipya likipokea objekti ya zamani litakuta null, 0 au false, kwa hiyo jiandae nayo.
- Kubadili aina, mfano int kuwa long: mwiko. Itagoma hata namba zikifanana.
- Kufuta fildi: haitoi erori, na hiyo ndiyo hatari yake. Toleo la zamani linapata null kimyakimya.

3. KUPANDISHA TOLEO
Nenda hatua mbili. Kwanza weka kila mahali toleo linaloweza kusoma muundo wa zamani na mpya. Zikishakamilika seva zote, ndipo uweke toleo linaloandika muundo mpya. Na kila seva itaje toleo lake inapowaka, ili uhakikishe hakuna iliyosahaulika.

Msidhani natia chumvi. Mwaka 2012 kampuni ya Knight Capital ya Marekani ilikuwa na seva 8, msimbo mpya ukawekwa kwenye 7. Tarehe 1 Agosti ile moja iliyosahaulika ikaamsha msimbo wa zamani uliokuwa umelala, ikaanza kununua na kuuza hisa ovyo. Ndani ya dakika 45 hivi, zaidi ya dola milioni 400 zikayeyuka.

4. MIMI NAONAJE
Kwa kazi mpya, achana na serialization ya Java kati ya seva. Kusoma baiti kutoka kwa usiyemjua ni hatari pia kiusalama. Tumia JSON, au Protocol Buffers ambayo Google waliifungulia umma mwaka 2008. Humo kila fildi ina namba. Ukiifuta, namba yake usiipe fildi nyingine kamwe.

Haya, wewe unatumia njia gani? Tupia mchango wako hapo chini.