Mkanda Nyuma ya Propela

Alteneta ya ndege ndogo ikifa, wengi hudhani injini nayo inazima. Wapi! Cheche hutoka kwenye magneto mbili, tangu enzi za mababu. Kinachokufa, betri ikiisha, ni redio na taa. Usiku hilo si dogo.

Hadi miaka ya 1960 Cessna 172 ilitumia jenereta. Injini ikienda polepole haikuchaji. Rubani anayesubiri kuruka anakula betri yake mwenyewe. Diodi za silikoni zikaleta alteneta, inayochaji hata mwendo mdogo.

Fundi hakupumzika. Toleo la 1968 lilipata injini ya Lycoming, alteneta ikazungushwa na mkanda kama fenbelti ya gari. Ukilegea, unateleza, ukikazwa mno, beringi zinakufa. Kuubadilisha? Kwanza ung'oe propela.